Daftari la Kikasha cha Tatu

Mhina Semkiwa aliikagua orodha ya vikasha mara tatu kabla ya kumkubalia binti yake. Shule ilitaka kila kaya ikatafute vikasha vitatu katika Bustani ya Mivinje, iandike majina yake katika madaftari yaliyofichwa humo, na irudi na namba zake. Ni kazi ya kujifurahisha, mwalimu alisema. Mhina alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka ishirini riziki yake ilitokana na kujua kila kitu kipo wapi na kimekuwapo tangu lini. Akapitia tarehe moja moja. Kikasha chochote kilichofichwa zaidi ya miaka miwili nyuma alikiruka. Vilibaki sita, naye akachagua vitatu vilivyo vipya kuliko vyote.

"Una hakika?" mkewe Mwanahawa alimwuliza mlangoni kwa sauti ya chini, wakati Shemsa akitafuta kofia yake chumbani.

"Vyote ni vya mwaka jana na mwaka huu."

"Sikuulizi vikasha, Baba Shemsa. Nakuuliza kama una hakika."

Mhina alijifanya anakaza kamba za viatu. Tangu waache mchezo ule wa kusaka vikasha ilikuwa imepita miaka sita, na mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili sasa. Kukataa kungezua maswali kuliko kwenda.

Waliingia bustanini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma. Mivinje ile ilipandwa na Wajerumani, na jukwaa la bendi lililo katikati lilijengwa na Waingereza waliowafuata. Siku hizi nyavu za kivuli zilikuwa zimetandazwa kutoka mti hadi mti, na kila siku saa nne king'ora cha jua kilipolia walinzi walimtoa kila mtu na kufunga malango mpaka alasiri. Kwa hiyo watu wa Tanga walistarehe kwa haraka. Wazee walitembea upesi, watoto walikimbia, na wauza mihogo walikuwa wanafunga virago saa tatu.

Kikasha cha kwanza kilikuwa kimenasa kwa sumaku chini ya mzinga wa vita wa kale. Shemsa alilala kifudifudi, akapapasa kwenye kutu, akacheka alipokigusa. Cha pili kilikuwa ndani ya ufa wa mvinje, usawa wa goti. Humo mlikuwa na kifungo cha kombe na stempu ya posta. Shemsa alichukua stempu akaacha ushanga, maana hiyo ndiyo sheria ya msako: ukichukua kimoja, acha kimoja. Mwanahawa alikaa kwenye majani, akavua viatu. Mhina alipomwona mkewe akichezesha vidole vya miguu kwenye umande alianza kudhani kwamba siku hii itapita salama.

"Cha tatu kina fumbo," Shemsa alisema, akisoma kwenye kipimamahali cha baba yake. "'Wapiga tarumbeta walikanyaga juu, mimi nikalala chini.' Rahisi sana. Ni ngazi za jukwaa."

Pale palikuwa na kikasha zamani. Mhina alikwenda mwenyewe kukitafuta miaka mitano iliyopita ili akiondoe, akakikosa, akaandika kwenye orodha kwamba kimepotea. Hiki kilikuwa kipya, cha Machi mwaka huu. Tarehe aliiona kwa macho yake. Alimfuata mtoto kwa hatua ndefu bila kukimbia.

Shemsa alishatoa mkono chini ya ngazi. Alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa utepe mweusi. Ndani yake mlikuwa na daftari jipya, na chini ya hilo, kwenye mfuko wa plastiki, jingine la zamani lililovimba kwa unyevu. Karatasi ndogo ilikuwa imebanwa juu yake. Shemsa akaisoma kwa sauti: "'Daftari hili nimelikuta ndani ya ukuta wa jukwaa. Nimelirudisha kwao. Tafadhali msilitupe, lina majina ya watu.'"

"Tuandike kwenye hili jipya, twende," Mhina alisema. "King'ora kinakaribia."

"Bado saa nzima, Baba."

Alikaa kwenye ngazi, akafungua kurasa zilizogandamana, akawa anayasoma majina ya wageni mmoja baada ya mwingine na kuwacheka wenye mwandiko mbaya. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja. Mwanahawa alikuwa amekuja nyuma yao, viatu mkononi.

"'Shemsa na Nasra tumekiona kwanza,'" Shemsa alisoma. "'Baba kachelewa.'"

Juu ya jina la Shemsa palikuwa na jua dogo lililochorwa kwa penseli, lenye miale minane, mmoja mrefu kuliko mingine.

"Hili ni jua langu," alisema.

"Shemsa wako wengi, mwanangu," mama yake alisema.

"Wote wanachora jua?" Alifungua mkoba, akatoa daftari lake la hesabu, akaliweka kando ya lile la zamani. Kwenye jalada palikuwa na jina lake, na juu ya jina jua lenye miale minane, mmoja mrefu. "Nasra ni nani?"

"Rafiki yako wa zamani, walihama," alisema Mwanahawa.

"Binamu yako," alisema Mhina.

Walisema kwa pamoja. Shemsa alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, na hakuuliza tena. Alilirudisha daftari kwenye mfuko wake wa plastiki kwa uangalifu, akafunga kopo, akalisukuma chini ya ngazi. Alipouvuta mkono, bangili aliyokuwa ameivaa tangu akiwa na miaka sita ilikuwa imegeuka kutoka kijani kuwa njano.

*

Bangili ilikuwa imeshapeleka habari kwenye kituo kilichomtibu Shemsa, na barua ya kituo iliwafikia kabla hawajafika nyumbani. Ilisomeka kwenye ukuta wa sebule kwa herufi za upole: chipukizi imehisiwa, wazazi wamlete mtoto ndani ya saa arobaini na nane, wasimwulize maswali, wala wasimjibu.

Shemsa alikuwa amepogolewa. Ndivyo watu walivyosema, kama vile mtoto ni mti wa ua. Kumbukumbu, kwa maelezo ya wataalamu wa kituo, haikai kichwani kama picha ndani ya kabati. Kila inapokumbukwa hulainika kama nta, kisha huganda upya, na kuna matone ya puani ambayo huizuia isigande. Mtoto huketishwa kitini, hutiwa matone, halafu mzazi humsimulia tukio polepole huku mtoto akiliona akilini. Kinacholainika kinamomonyoka. Siku tatu, saa mbili kila siku. Baada ya hapo ndugu wote hutia saini kiapo cha kunyamaza, familia huhama mtaa, na kila picha inayoingia nyumbani hupita kwanza kwenye chujio la kituo. Chujio lilikuwa makini sana. Lakini halikuweza kusoma karatasi iliyosahauliwa ndani ya ukuta.

Mwanahawa alikuwa jikoni, akikatakata kitunguu ambacho hakuna aliyekihitaji.

"Wakimpogoa mara ya pili watakata hadi shinani," alisema. "Unamjua yule mtoto wa nyumba ya nyuma. Alirudi hajui kusoma. Humwita mama yake 'shangazi', tena kwa heshima, kama mgeni."

"Na wasipompogoa? Umesahau alivyokuwa?"

Hakuwa amesahau. Siku kumi na moja Shemsa hakusema neno. Alijifungia ndani ya kabati la nguo, akakataa maji hata ya kunawa, na walipomlazimisha kunywa alitapika. Alikuwa amekonda mpaka mishipa ya shingo ikahesabika. Daktari aliwaambia wachague kati ya mtoto mmoja asiyemkumbuka ndugu yake na kukosa watoto wote wawili.

Nasra alikuwa na miaka minne. Alikufa katika tangi la maji la chini ya ardhi, nyuma ya nyumba yao ya Makorora, Jumamosi asubuhi. Shemsa alikuwa amemfichia mkebe, kwa kuiga msako wa baba yao. Alimchorea ramani yenye mishale, na mshale wa mwisho ulielekea kwenye tangi. Mfuniko wa bati ulikutwa pembeni. Mjumbe wa mtaa alipouliza, Mhina alijibu kwamba yeye aliuacha umefungwa.

Ilikuwa sentensi moja tu. Aliisema akiwa bado na maji kwenye nguo, na watu walimwonea huruma, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Lakini asubuhi ile gari la maji lilikuwa linatarajiwa, na ni yeye Mhina aliyefungua mfuniko akapima kina kwa fimbo. Simu ya kazini ikaita. Aliondoka akiongea, simu sikioni, akazunguka upande wa mbele kwenye kivuli, akakaa huko dakika ishirini akibishana kuhusu mpaka wa shamba la mkonge. Mkewe akaamini ni Shemsa aliyeuvuta mfuniko. Mtaa ukaamini. Shemsa hakuwa na sauti ya kukanusha. Na alipoketishwa kwenye kile kiti, aliyemsimulia alikuwa baba yake, na alimsimulia hivi: uliweka mkebe, ukavuta mfuniko, mdogo wako akaja.

"Tumpeleke kesho asubuhi," Mhina alisema. "Daktari ndiye atakayejua."

Mwanahawa alikusanya vitunguu kwa upande wa kisu, akavimwaga kwenye pipa la taka.

*

Alasiri, nyavu za kivuli zilipoanza kuvutwa mtaani, Shemsa alikuja kukaa barazani karibu na baba yake. Hakuwa amekula mchana. Alikuwa ameshika kikombe cha maji ambacho hakukinywa, akikitazama ndani.

"Baba, tuliwahi kukaa mahali pana tangi la chini?"

Maswali hayaruhusiwi, ukuta ulikuwa umesema, na majibu hayaruhusiwi. Mhina alikohoa. "Kwa nini unauliza?"

"Nina picha mbili kichwani. Tangu tulipotoka bustanini." Aliongea taratibu kama mtu anayesoma mbali. "Katika moja, navuta bati. Navuta kwa mikono miwili, linafunguka. Lakini sisikii chochote. Bati halina mlio. Sijui hata kama lilikuwa zito."

"Na nyingine?"

"Nyingine bati limeshaegemezwa ukutani. Jua linanichoma mgongo. Kuna harufu ya saruji iliyolowa, na fimbo iko chini, imelowa nusu. Ninaweka mkebe juu ya tofali, pembeni, mbali na shimo. Najiambia nimeuweka mbali." Akainua macho. "Ipi ndiyo?"

Mhina aliitazama ile fimbo katika maneno ya mtoto. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu fimbo. Aliivunja siku ileile akaitupa.

Angeweza kusema pale pale. Baraza lilikuwa tupu, Mwanahawa alikuwa ndani anasali, na mtoto alikuwa ameuliza jambo lenye jibu la neno moja. Badala yake alinyoosha mkono akampapasa kichwani.

"Ni ndoto za joto. Kesho daktari ataziangalia."

"Kama ni ndoto, mbona unatetemeka?"

Aliuondoa mkono. Shemsa alimwaga maji ya kikombe kwenye maua, akaingia ndani.

*

Daktari Lukindo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alimketisha Shemsa kwenye kiti kile, akamsikiliza bila kumkatiza, akavua miwani yake na kumshukuru. Kisha akawaita wazazi kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye dirisha la kioo. Kutoka pale walimwona Shemsa akining'iniza miguu. Miaka sita nyuma miguu ile ilikuwa haifiki hata kwenye ukingo wa kiti. Sasa vidole viligusa sakafu.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba," daktari alisema. "Chipukizi za kawaida huja vipande vipande. Hofu bila sababu, harufu bila mahali. Huyu analeta tukio zima, lina joto, lina fimbo, lina upande jua lilipokuwa. Maana yake halikuguswa kabisa. Tulipogoa kitu kingine."

"Sijaelewa," alisema Mwanahawa.

"Matone yanamomonyoa kilichokumbukwa tu, mama. Ukimsimulia mtoto jambo ambalo hakuliona, hakuna cha kulainika. Yale maneno yanakaa juu tu, kama rangi juu ya ukuta mbovu, na lile la kweli linabaki chini yake, zima. Kwa hiyo ana picha mbili. Isiyo na mlio tulimpa sisi." Aligeuka. "Kwenye faili imeandikwa msimulizi alikuwa baba."

"Ni mimi," Mhina alisema.

"Ulisimulia kilichotokea?"

Alijua kilichokuwa mbele yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa mipaka. Akisema ndiyo, daktari hangejua mzizi uko wapi, na wangekata hadi shinani. Shemsa angerudi nyumbani akimwita mama yake kwa heshima. Akisema hapana, mkewe angesikia. Njia zote mbili zilikuwa fupi. Neno ndiyo lilikuwa limemtumikia miaka sita na lilikuwa tayari mdomoni.

Upande wa pili wa kioo Shemsa alijikuna shingo, akatazama dari, akasubiri.

"Hapana," alisema Mhina.

Mwanahawa hakugeuka mara moja. Aliendelea kumtazama mtoto kupitia kioo. "Mfuniko ulikuwa wazi," alisema.

"Ulikuwa wazi."

"Wewe uliufungua."

"Nilipima maji. Simu ikaita. Nikaondoka."

"Na fimbo?"

"Niliivunja."

Alijiandaa kwa kelele. Alikuwa amejiandaa kwa miaka mingi, na mara nyingi, akiwa peke yake kazini kati ya nguzo za mipaka, aliwahi kuyajibu maneno ambayo mkewe angemwambia. Lakini Mwanahawa aliongea kama anayehesabu.

"Nimekuwa namwogopa mwanangu," alisema. "Unajua hilo? Namwosha nywele, nawaza: mikono hii ndiyo iliyovuta bati. Akicheka nawaza, anachekaje. Nilimsamehe. Kila siku nilikuwa namsamehe, nikaona nimebeba jambo kubwa. Kumbe hakuna nilichokuwa nasamehe. Mtoto alikuwa hana kosa, na mwenye kosa alikuwa ananipokea mkoba mlangoni." Akavuta mtandio wake mabegani. "Usinijibu, Mhina."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Shemsa azaliwe kumwita kwa jina lake.

Daktari akafanya kazi yake. "Sasa tunajua mzizi," alisema. "Hatuhitaji kukata shina. Ni mpogoo mwembamba, nusu saa. Baba atamsimulia ile ya kweli, matone yatafanya kazi, na mtoto atatoka hana picha hata moja. Hatajua kuhusu tangi, hatajua kuhusu ndugu, wala kuhusu mazungumzo haya. Kwa idhini nahitaji vidole gumba vyenu viwili." Akasogeza kibao cha kioo mezani. "Nami lazima niwaambie upande wa pili. Mkimwacha, picha hii itakua. Atarudi kwenye maji na kwenye kabati la nguo. Wengine humaliza mwaka hivyo. Mmoja kati ya ishirini hamalizi."

Mhina aliweka kidole chake kwanza. Alikiweka haraka, na alipokuwa anakiondoa alielewa kwa nini. Mtoto angesahau, na pamoja na kusahau tangi angesahau pia kwamba aliuliza, barazani, na kwamba baba yake alimpapasa kichwa. Yote yangefutika, hata uongo wa jana. Angebaki mke tu. Mke angeweza kuvumiliwa. Aliona fedheha ya wazo lile na hakuirudisha nyuma alama ya kidole.

Mwanahawa alikitazama kibao.

"Kwa hiyo utasema kweli mara moja katika maisha yako," alisema, "kwa mtu ambaye hatabaki nayo."

"Mama Shemsa, umemsikia daktari. Mmoja kati ya ishirini."

"Nimemsikia. Nimemsikia, na naogopa kuliko wewe." Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na vidole vilikuwa vimepauka. "Mara ya kwanza nilitia saini kwa sababu uliniambia mtoto anaumia kwa alichokifanya. Leo ataumia kwa alichofanyiwa. Si sawa. Sijui kama atapona, lakini si sawa." Akamsukumia daktari kibao, akamgeukia Mhina. "Nenda ukamwambie. Bila matone."

Hatua kutoka chumba kidogo hadi kwenye kiti zilikuwa saba. Mhina alivuta stuli, akakaa chini ya usawa wa macho ya binti yake, kama alivyoagizwa na daktari miaka sita iliyopita, na mdomo wake ukataka kuanza kwa maneno yaleyale ya zamani kwa sababu ndiyo uliyoyazoea. Akaanza upya. Alisema kulikuwa na mtoto anaitwa Nasra, na huyo alikuwa mdogo wake Shemsa, si rafiki wala si binamu. Alisema kuhusu gari la maji, fimbo, simu, shamba la mkonge ambalo hata mwenyewe hakumbuki mpaka wake uliishia wapi. Alisema kuhusu mjumbe wa mtaa. Alisema kuhusu kiti hiki.

Shemsa alisikiliza akiwa ameshikilia ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Mkebe niliuweka wapi?"

"Juu ya tofali. Mbali na shimo. Ulikuwa bado upo juu ya tofali tulipofika."

"Kwa hiyo ile yenye jua mgongoni ndiyo."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayepewa njia na kuirudia moyoni. "Na ulijua kwamba mimi nilidhani ni mimi?"

"Nilijua."

"Mpaka jana barazani?"

"Mpaka jana barazani."

Hakulia. Uso wake ulibadilika rangi, akainama, akatapika kwenye sakafu ya kituo, maji matupu maana hakuwa na kitu tumboni. Mhina alinyoosha mkono kumshika kiunoni. Shemsa alijisogeza, si kwa hasira, ni kama mtu anayepisha njia. Mama yake alikuwa ameshafika, na yeye ndiye aliyemshika.

"Ukipenda, mwanangu, daktari ana dawa," Mwanahawa alisema. "Itaondoa yote. Sitaki nikufiche kitu. Ukiikataa utaumwa. Huenda ukaumwa sana."

"Na Nasra ataondoka tena?"

"Ataondoka."

Shemsa alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nimempata jana tu," alisema. "Msimwondoe."

*

Siku ile hakunywa maji, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu alikubali chai ya rangi kwa kijiko, mama yake akimpa na kusubiri, akimpa na kusubiri. Kituo kilituma muuguzi kila asubuhi kumpima uzito, na kila asubuhi muuguzi aliandika namba ndogo kuliko ya jana. Mwanahawa alihamishia godoro lake chumbani kwa mtoto. Kwa Mhina alizungumza mambo ya nyumba tu: gesi imekwisha, muuguzi amefika. Alikuwa amemwambia kwamba atakwenda kwa mjumbe wa mtaa wa Makorora, na kwamba yeye Mhina atakwenda naye na atasema kwa mdomo wake. Lakini si kabla mtoto hajala.

Siku ya sita, saa za king'ora, mtaa ukiwa kimya na mapazia yameshushwa, Mhina alikuwa kwenye korido na bakuli la uji ambalo alitaka kubisha hodi nalo. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Aliwasikia.

"Alikuwa anapenda kula nini?" Shemsa aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Bada, ule ugali wa muhogo. Bada na kisamvu. Ndizi alikuwa hataki hata kuziona." Mwanahawa aliongea kwa kusitasita. Miaka sita alikuwa ameapa kutolitamka jina lile, na sasa maneno yalimtoka yakiwa na ukakasi. "Akilala alikuwa anashika sikio lako. Ukimtoa mkono anaamka."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Maana alilala upande wa ukutani."

Kitanda kililia, mtoto akijigeuza.

"Mimi alikuwa ananiitaje? Hakuniita Shemsa, nahisi. Kuna jina lingine."

"Ndiyo, lilikuwapo jina. Hakuweza kusema 'Shemsa'. Alikuwa anasema..." Mwanahawa alijaribu. Mhina alimsikia akijaribu sauti mbili tatu chini ya pumzi, akiziacha. Kisha alimsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu kituoni, kwa sababu ya lile jina dogo lililomponyoka. "Nimelisahau, mwanangu. Nisamehe. Nililazimika kulisahau. Labda baba yako analikumbuka."

Mhina alilikumbuka. Alikuwa nalo mdomoni, silabi mbili tu, na bakuli la uji lilikuwa limeanza kumchoma vidole. Alisimama akisubiri kuitwa.

"Hapana," alisema Shemsa. "Tusimwulize. Litakuja lenyewe."